Mchanga Uliokwenda Kisumu

Siku Uledi alipokuwa anaondoka kwenda Kisumu, Lukresia ndiye aliyeambiwa amjazie madebe ya mchanga. Hebu fikiria mwenyewe. Mwanamume uliyempenda anahamia nchi ya watu, anakwenda kuanza maisha na mwanamke mwingine, na wewe umeinama uani kwao unachekecha mchanga ambao mwanamke huyo atakaangia kahawa. Wapo ambao wangelitupa lile chekeche na kwenda zao. Lukresia hakulitupa. Alichekecha mpaka mchanga ukawa laini, akajaza debe la kwanza, akalipigapiga ubavuni ili ushuke, akaongeza.

Mchanga huo ulitoka Mto Simiyu, na habari yake ilikuwa habari ya Lukresia. Alipokuja mjini Bariadi kukaa kwa shangazi yake Wilhelmina, akapata kibarua kwenye mkahawa wa Mzee Mustapha, alikuta kahawa inakaangwa kwenye karai kavu, nusu inaungua na nusu inabaki mbichi. Kwao Mwamapalala mama yake alikaanga karanga ndani ya mchanga wa moto, na karanga zilitoka zimeiva sawasawa pande zote. Siku moja Bi Mwanamisi, mke wa Mzee Mustapha, alikwenda msibani, na huku nyuma Lukresia akajaribu hivyo hivyo na kahawa. Bi Mwanamisi aliporudi akakuta karai lake limejaa mchanga, alimtolea binti wa watu maneno ya kila namna. Kisha akaonja. Tangu siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukaanga kahawa katika nyumba ile.

Mzee Mustapha alikuwa ameingia Bariadi miaka mingi nyuma na birika moja la shaba na jiko la kuning'iniza mkononi, akitembeza kahawa msimu wa pamba watu wakiwa na chochote mfukoni. Wasukuma walimcheka, wakamwambia maji hayo machungu ayanywe mwenyewe. Waliacha kucheka walipoonja kahawa ya Lukresia na kashata ya karanga pembeni. Wafugaji waliokuja mnadani walikaa kwenye benchi lake mpaka jua likawaacha, wakarudi kwao wakaisimulia. Maswa wakaitaka, likafunguliwa tawi Maswa. Halafu Shinyanga, halafu Mwanza, halafu Musoma. Hata sukari ilipoadimika na kashata zikawa ndogo kama vifungo, watu waliendelea kuja. Kahawa yote hiyo ilikaangwa uani Bariadi, ikatwangwa, ikafungwa kwenye madebe na kupakiwa kwenye lori. Hakukuwa na barua wala maelezo. Debe likifika, waliopo wanajua la kufanya.

Sasa mzee yule alikuwa na sheria yake moja, na wala usijisumbue kubishana naye. Hafungui tawi mahali asipokuwa na mkwe. Alisema mwajiriwa atakuibia huku akikuamkia, lakini mkwe hakuibii, maana wajukuu wenu ni wamoja. Basi kila mkahawa ulianza na pilau ya harusi. Mwanawe mkubwa, Salimu, aliolea Maswa. Binti yake Sikuzani aliolewa Musoma. Wengine wakagawanywa Shinyanga na Mwanza. Akabaki kitindamimba, Uledi, na ikabaki Kisumu, nchi nyingine kabisa, ambako mfanyabiashara mmoja wa nguo alikuwa na chumba kizuri karibu na soko na binti anayeitwa Fatu. Mzee alishamwita fundi aandike ubavuni mwa lori, kwa rangi ya kijani: Mustapha na Wanawe, Bariadi hadi Kisumu. Akinywa kahawa jioni alianza kuitaja Kampala, akaitaja na Bujumbura, kana kwamba bado ana watoto tele wa kuozesha.

Uledi alipomtajia jina la Lukresia, mzee hakukasirika. Lau angekasirika. Alisema binti hana kasoro, na kusilimu si tatizo, atasilimu. "Lakini ukimwoa huyo tunapata nini, mwanangu? Bariadi tumeshaota mizizi. Na kahawa yake tunayo."

Maneno hayo yalimfikia Lukresia kupitia kwa Bi Mwanamisi, aliyemwambia kwa huruma huku akipepeta. Ndipo alipoelewa alichokuwa anafanya miaka yote ile. Kila alivyoikaanga vizuri ndivyo ilivyotakiwa mbali zaidi, na kila ilipotakiwa ndipo alipohitajika mkwe mpya. Alidhani anamvuta Uledi kwa mikono yake. Kumbe alikuwa anamsukuma, debe baada ya debe.

Alikuwa kwenye debe la tatu Uledi alipoingia uani. Alivaa shati jeupe la safari lililopigwa pasi na mama yake. Alikuwa na macho yale ya usingizi ambayo yalimfanya Lukresia, wiki ya kwanza tu alipofika, aunguze kashata nzima.

"Acha, nitalibeba mwenyewe," Uledi alisema.

"Mchanga ukianza kuwa mweusi umwagwe, mtafute mwingine," Lukresia alimjibu bila kuinua uso. "Mwambie na yeye."

"Lukresia."

"Asitie kahawa mpaka mchanga uwe umepata moto. Akitia mapema itanuka moshi."

"Niangalie basi."

Akamwangalia, na hapo ndipo alipojiponza. Alikuwa amejiandaa tangu asubuhi asimtazame usoni, apokee salamu, atoe madebe, aseme safari njema. Sasa aliona midomo ya Uledi inatetemeka, na moyo wake ukaanza kupiga kwa namna ambayo msichana mwenye akili zake angeuonea aibu. Alimpenda. Hata siku ile, hata na mchanga kwenye kucha, alimpenda.

"Sikutaka iwe hivi," Uledi alisema. "Nilingoja. Nilingoja mpaka mzee akachoka kuniuliza. Baba yako angeniita hata kwa neno moja, Kisumu angekwenda mtu mwingine."

"Akuite kwa lipi? Wewe ulimwendea lini?"

"Hayo ni ya wazee. Siwezi kuyaongea na wewe."

"Siku zote ni ya wazee."

Hapo lazima nieleze, maana hata wao wenyewe hawakuelezana. Masika ya mwaka uliopita, Uledi alimwambia kwa fahari kwamba mambo yao sasa yako kwa Mzee Luhaga, baba yake Lukresia. Hakusema zaidi, kwa sababu mwanamume hajitambi mbele ya binti kwa kile alichokipeleka kwao. Lukresia akakaa na furaha yake moyoni. Alipokwenda nyumbani kusalimia, alimzungukazunguka mama yake kwa maswali, akauliza kama kuna wageni waliokuja. Mama akasema wageni gani, labda yule muuza chumvi. Zizini aliona ng'ombe asiowajua, hakushangaa; baba yake alizoea kuwalishia watu. Lukresia akarudi mjini. Angemwuliza Uledi nini? Binti wa Luhaga amfuate mwanamume amwambie mbona hujanitolea mahari? Alinyamaza. Uledi naye akauona ule ukimya, akadhani familia nzima imemkataa na binti anashindwa kusema. Wakaendelea kupeana vikombe kila siku kwa adabu, na kila mmoja akimwona mwenzake ndiye mwenye moyo mgumu.

"Ijumaa iliyopita mjomba alinipokelea ndoa huko Kisumu," Uledi alisema. "Nilitaka usikie kwangu."

Lukresia alikalia debe.

"Kwa hiyo hapo ulipo wewe ni mume wa mtu."

"Ndiyo."

"Basi usiniambie tena nikuangalie."

Uledi alifungua mdomo kumjibu, lakini mbele ya mkahawa kulizuka zogo. Wateja walikuwa wanasogeza mabenchi, na mtu akapaza sauti kwamba ng'ombe wataangusha mabirika. Halafu Lukresia akasikia mluzi anaoufahamu tangu utotoni, mluzi wa kuwasimamisha. Alitoka mbio akipangusa mikono kwenye kanga.

Baba yake alikuwa amesimama katikati ya barabara, vumbi mpaka magotini, shuka begani na fimbo mkononi. Mzee Luhaga hakuwa mtu wa mjini. Miaka yote ambayo binti yake alifanya kazi hapo hakuwahi kukanyaga mkahawa ule. Nyuma yake kulikuwa na ng'ombe wanane wakubwa na ndama wao, wamechoka, wananusa maji ya kuoshea vikombe.

Lukresia alipiga goti, wakasalimiana Kisukuma, mwangaluka baba, mwangaluka mayu, habari za mama, habari za mji. Kisha mzee akamtafuta Uledi kwa macho. Uledi alikuwa amesimama mlangoni pamoja na baba yake, na damu yote ilikuwa imemtoka usoni.

"Nimesikia unahama nchi," Luhaga alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Nikasema nisije nikabaki na mali ya mtu. Nimekuletea ng'ombe wako."

Mzee Mustapha akamgeukia mwanawe akauliza ng'ombe gani.

"Wale aliowaleta Ngeleja, yule mchuuzi wa mnadani," Luhaga aliendelea. "Alinikuta bondeni nachunga. Akasema hawa ni wa Uledi wa mkahawani, anaomba uwapokee. Nikapokea. Malisho yamekuwa mbali tangu tuhamishiwe kijiji kipya, lakini nimewalisha. Mwekundu amezaa, mtamba wake huyu. Mwenye baka amezaa dume. Mmoja aliuawa na ugonjwa wa ndigana, ujue sikumla." Akashusha kutoka begani kitu alichokuwa amekikunja, akakitandaza kwenye benchi mbele ya wateja. Ilikuwa ngozi, imekauka, imeanza kuliwa na wadudu pembeni. "Ngozi yake hii."

Mtu aliyekulia kwa Wasukuma hahitaji kuambiwa zaidi. Mwenye ng'ombe wengi, au mwenye ng'ombe asiye na zizi, huwaweka kwa mtu anayemwamini. Mlishaji anakunywa maziwa, anatumia samadi, na siku ya kuulizwa anaonyesha kila mkia, na kwa aliyekufa anaonyesha ngozi. Ng'ombe wa mahari hawaji hivyo hata siku moja. Wanakuja na mshenga na wazee, wanakaguliwa, mmoja anakataliwa kwa kuwa ana pembe mbovu, watu wanakasirikiana, wanapatanishwa, pombe inanywewa. Ng'ombe anayefika kimya na mchuuzi hajamposa mtu.

Lakini Uledi hakulelewa zizini. Alilelewa kwenye madebe. Siku ya kuwanunua alikuwa mnadani Maswa, lori limeshawashwa, Shinyanga wanangoja madebe. Aliwanunua kwa akiba yake yote, akamwambia Ngeleja awafikishe, akarukia lori. Alijua kwamba wakifika, waliopo watajua la kufanya.

Lukresia aliyaona yote hayo kwa mara moja, hapo alipopiga goti. Hakuwa ametelekezwa. Alikuwa ametolewa ng'ombe, ng'ombe wazuri, kabla hata hajaanza kukata tamaa, na walikuwa wamelala kwao wakilindwa na baba yake mwenyewe, aliyewaamkia kila alfajiri ili mali ya mtu isipotee. Alipata uchungu ambao hakujua auelekeze kwa nani. Angemlaumu baba yake kwa uaminifu? Angemlaumu Uledi kwa haraka?

Uledi alimfuata, akamshika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamvuta kando ya jiko.

"Umesikia," alimwambia kwa sauti ya chini. "Umesikia mwenyewe. Nilituma."

"Nimesikia."

"Basi bado tunaweza. Dini yangu inaniruhusu. Nikishatulia Kisumu nitarudi nikuoe, baba hatakataa, tena hapa Bariadi kazi inakua, panahitaji mtu wa..." Akasita.

"Wa nini, Uledi?"

"Wa kukaa. Wa kusimamia kahawa. Ungekuwa mke wa huku."

Nadhani hata yeye aliyasikia maneno yake yalivyotoka. Lukresia aliutoa mkono wake taratibu, bila hasira, kama mtu anavyomwondolea mtoto kitu kikali mkononi.

"Mimi si tawi," alisema.

Uledi akaanza kulia. Mwanamume mzima, na shati lake la safari. Na Lukresia, Mungu amsamehe, alitaka kumkumbatia. Alitaka kusema nitakungoja, nenda, urudi, nitakuwa vyovyote utakavyo. Akamfikiria Fatu, ambaye hakumjua, ambaye pengine wakati huo alikuwa anafagia chumba cha mgeni anayekuja kuwa mumewe. Kosa la yule binti lilikuwa nini?

Pale mbele, Mzee Luhaga hakuwa mjinga. Alikuwa ameyaona machozi ya kijana na mkono ulioshikwa. Alisimama na fimbo yake, akatazama ng'ombe, akatazama ngozi juu ya benchi, na sauti yake ilipotoka ilikuwa na wasiwasi.

"Kijana, mbona umenyamaza? Au nilikosea? Hebu niambieni, hawa walikuwa ng'ombe wa nini?"

Uledi alimtazama Lukresia. Alikuwa anamwachia yeye, hilo lilionekana wazi. Akisema mahari, basi ni mahari, na baba yake ni mzee aliyeyaswaga kwa mkono wake mahari ya binti yake, akayarudisha mbele ya mji mzima, akayatandazia na ngozi. Habari hiyo ingefika Mwamapalala kabla yake, na watu wangeicheka mpaka wamzike. Na yeye Lukresia angekuwa mke wa huku.

Alimwendea baba yake, akapiga goti mara ya pili.

"Walikuwa wa kulishwa, baba. Uledi aliniambia mwenyewe. Umewatunza vizuri."

Mabega ya mzee yakashuka. Akashukuru, wabeja, wabeja sana, akakunja ngozi na kumkabidhi Uledi kwa mikono miwili. Uledi aliipokea. Hakuweza kuinua kichwa.

Mzee Mustapha, ambaye hakuwa ameelewa hata kidogo, ndiye peke yake aliyefurahi. Alimwita Luhaga mtu mwaminifu, akamkalisha, akaagiza aletewe kahawa, na huku nyuma akimwambia Salimu, aliyekuja kumuaga mdogo wake, kwamba hiyo ndiyo baraka ya safari, wauzwe mnadani, viti vya Kisumu vimepatikana. Ilibaki haki ya mlishaji, ng'ombe mmoja wa shukrani, naye Uledi aliambiwa amchague. Alisogea katikati ya ng'ombe wake akasimama muda mrefu. Kisha akamtoa mtamba wa yule mwekundu, akaleta kamba yake mpaka mkononi mwa Luhaga.

Lori liliondoka jua likiwa limeshapanda juu. Madebe ya mchanga yalikuwa nyuma, yamefungwa kamba, na Bi Mwanamisi alilia mpaka akashikwa. Uledi alikaa karibu na dereva. Alipopita mbele ya mlango wa uani aligeuka, wakatazamana kwa muda ule lori linaouchukua kupita mlango, basi. Lukresia hakupunga mkono. Aliyasoma maandishi ya kijani yanavyokwenda, Mustapha na Wanawe, mpaka vumbi likayafunika.

Alimsindikiza baba yake hadi mwisho wa nyumba za mji, mtamba kati yao. Walipofika njia panda mzee alisimama kupumzika, akaegemea fimbo.

"Nitakwambia kitu, usinicheke," alisema. "Yule kijana alipoleta ng'ombe kwangu nilimwambia mama yako, huyu anatuzoea. Anayekuamini na ng'ombe wake kesho atakuja na mshenga. Mama yako alianza kuweka mtama wa pombe, nikamkataza asikwambie. Tukangoja, hatukuona mtu. Nikasema labda ni mimi nilitamani tu."

Lukresia alikuwa anaangalia chini.

"Na angekuja, baba?"

"Angekuja?" Mzee alicheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Ningempa kabla hajakaa. Nisingekataa hata ng'ombe mmoja."

Akampa binti yake kamba ili ajifunge shuka vizuri. Kule mjini wale wengine walikuwa wanaswagwa kwenda mnadani, na mtamba alimsikia mama yake akilia. Akageuza shingo, akaanza kuvuta kurudi alikotoka, akavuta kwa nguvu zake zote. Lukresia aliishika kamba kwa mikono miwili, akaishikilia mpaka mtamba alipochoka kuvuta.